Mkate, Mifupa na Ukili: Siku za Mateka wa Vita Uingereza, 1793 hadi 1815

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, na nyote mliofika, nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nieleze mateka wa vita wa karne zilizopita waliishije siku hadi siku: walikula nini, walilala wapi, mchana wao ulipitaje. Mada ni pana, kwa hiyo nimeibana mahali pamoja. Nitazungumzia mateka walioshikwa na Uingereza katika vita vyake na Ufaransa, kuanzia 1793 hadi 1815. Nimechagua hao kwa sababu kabla yao mateka aliwekwa popote palipopatikana, iwe ngome kuukuu, ghala au jela ya mji. Katika vita hivi serikali ilijenga kambi maalumu kwa ajili yao, ikaandika kanuni za chakula na nguo, na ikafungua daftari lenye mstari wa kila mtu. Kwa hiyo tunaweza kumfuata mtu hadi kwenye sahani yake.

Niliseme mapema jambo ninaloliamini. Kanuni zenyewe, kwa kipimo cha wakati ule, zilikuwa za haki kuliko wengi wanavyodhani. Mateka aliumia na kufa katika nafasi iliyopo kati ya kanuni iliyoandikwa London na sufuria iliyopakuliwa kambini. Hapo katikati walikuwamo wazabuni wa chakula, walikuwamo wanasiasa wanaogombana, na walikuwamo mateka wenyewe waliouziana posho. Kuanzia 1803 hadi 1814 peke yake, mateka 122,440 waliletwa Uingereza, na 10,341 kati yao walifia humo. Ni takribani mtu mmoja kati ya kila kumi na wawili.

Tuanze na posho, kwa kuwa siku nzima ya mateka iliizunguka hiyo.

Msimamizi wa mateka wote kwa sehemu kubwa ya vita hivi alikuwa Bodi ya Usafirishaji, idara iliyokuwa chini ya jeshi la majini. Orodha yake ya chakula ilitundikwa ndani ya kila gereza ili kila mtu aisome. Katika siku tano za juma, kila mateka alistahili ratli moja na nusu ya mkate, yaani kama gramu 680. Nusu ratli ya nyama ya ng'ombe, kama gramu 227. Nusu ratli ya kabichi au mboga ya mizizi. Wakia moja ya shayiri. Robo wakia ya kitunguu na theluthi ya wakia ya chumvi. Siku mbili zilizobaki hapakuwa na nyama. Jumatano ilikuwa ratli moja ya samaki wadogo wa chumvi na ratli moja ya viazi. Ijumaa ilikuwa ratli moja ya ng'onda na viazi vilevile.

Ukipiga hesabu, mkate peke yake unampa mtu kalori 1,600 hivi, na siku yote inafika kama 2,000 na kidogo. Kwa mtu anayekaa kitako hiyo inamweka hai. Kwa kijana wa miaka ishirini anayetetemeka kwa baridi miezi sita ya mwaka, haimtoshi. Tena tazameni nyama ilivyopimwa: ilipimwa mbichi, na mfupa wake ndani. Ikichemshwa inanywea, mfupa unatolewa, na kilichobaki mkononi mwa mtu, kwa makadirio, hakizidi gramu mia moja na ushei. Ndiyo maana supu ilikuwa na thamani kubwa. Mafuta yote, shayiri na kitunguu vilikuwa mle, na kikundi kilichofika jikoni na ndoo mwishoni kilipata maji.

Mateka hakupokea posho peke yake. Walipangwa katika vikundi vya chakula, mara nyingi vya watu sita katika meli zilizogeuzwa magereza na huko Dartmoor, gereza nitakalolieleza hivi punde. Kikundi cha sita kilistahili ratli tisa za mkate na ratli tatu za nyama. Mmoja wao alikwenda kupokea, akarudi, na hapo ukaja mgawanyo, ambao ungeweza kuzua ugomvi kila siku. Mabaharia walikuwa na dawa yake ya zamani: mmoja anaupa mgao kisogo, mwingine anagusa kipande na kuuliza ni cha nani, na yule asiyeona anataja jina. Kwa njia hiyo hakuna wa kulaumiwa kipande kikitoka chembamba.

Kanuni iliwapa mateka haki ya kuchagua wajumbe wao wa kusimama jikoni wakati chakula kinapokewa na kupimwa, na kukikataa kikiwa kibovu. Hiki naona ndicho kifungu muhimu kuliko vyote katika kanuni zile, maana mzabuni alikuwa na njia nyingi za kujinufaisha. Unga ulioota unyevu unaongeza uzito wa mkate bila kuongeza chakula. Mkate usioiva katikati nao ni mzito. Nyama ya shingo na miguu ina mfupa mwingi. Mjumbe hodari aliuvunja mkate katikati na kuutazama kabla haujawekwa kwenye mizani. Mjumbe aliyekwisha kuhongwa hakuuvunja.

Mfano ulio wazi wa pengo nililolisema ni Dartmoor, Aprili 1815. Gereza hilo la mawe lilijengwa kwenye nyanda za juu zenye ukungu katika wilaya ya Devon. Lilipokea mateka wa kwanza mwezi Mei 1809, na kuanzia 1813 likapokea pia mabaharia wa Marekani, zaidi ya 6,000 kwa jumla. Vita vya Marekani na Uingereza vilikuwa vimekwisha. Mkataba ulitiwa saini Ghent mwezi Desemba 1814 na kuthibitishwa Februari 1815. Hata hivyo watu walikuwa bado wamefungwa wakisubiri meli. Tarehe 4 Aprili mzabuni akaamua kumaliza akiba yake ya biskuti ngumu za melini: badala ya ratli moja na nusu ya mkate laini, kila mtu ratli moja ya biskuti. Theluthi ya uzito wa mkate ikawa imekatwa kwa uamuzi wa mfanyabiashara. Wamarekani wakaikataa, wakasukuma malango hadi uwanja wa soko, wakagoma kuondoka mpaka mkate ukaletwa. Waliupata. Lakini imani ilikuwa imevunjika pande zote mbili, na tarehe 6 Aprili, katika vurugu nyingine, askari walifyatua risasi ndani ya gereza. Watu saba waliuawa papo kwa papo au muda mfupi baadaye, na makumi wakajeruhiwa. Mkuu wa gereza alikuwa Kapteni Thomas Shortland, naye ndiye anayetajwa zaidi katika habari ya siku ile. Mimi naona hesabu ya lawama ianzie kwenye biskuti.

Sasa nguo. Mateka asiye na nguo zake alipewa za serikali: koti na suruali za rangi ya njano, fulana ya ndani, mashati, soksi, viatu na kofia. Njano ilichaguliwa makusudi ili mtoro aonekane kwa mbali, na mgongoni zikapigwa herufi za T na O, yaani Transport Office, Ofisi ya Usafirishaji. Hiyo ni karatasi. Sasa tazameni majira ya baridi ya 1800 kuingia 1801.

Tangu 1798 nchi hizi mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba kila moja itawalisha watu wake waliofungwa kwa mwenzake: Ufaransa inalipia chakula cha Wafaransa walioko Uingereza, na Uingereza vivyo hivyo. Mwishoni mwa 1799 serikali mpya ya Napoleon ikajitoa. Uingereza ikarudi kuwalisha, ila ikashikilia kwamba nguo ni jukumu la Ufaransa. Ufaransa nayo ikasema anayemfunga mtu ndiye amvike. Barua zikapita zikirudi, na wakati zinapita watu walikuwa uchi, hasa wale waliokwisha kuuza nguo zao. Kambi ya Norman Cross, karibu na mji wa Peterborough, ikashikwa na homa ya mlipuko ambayo kwa dalili zake inafanana na homa ya chawa. Zaidi ya watu 1,000 walikufa humo katika miezi michache. Kambi ile ilidumu kuanzia 1797 hadi 1814 na ilizika watu 1,770 hivi. Zaidi ya nusu yao walikwenda katika msimu huo mmoja. Mwishowe Uingereza ilitoa nguo, na barua za kulaumiana zikaendelea kama kawaida.

Tuelewe kwa nini nguo na homa ni kitu kimoja. Chawa wa mwili huishi katika mishono ya nguo. Mtu mwenye mashati mawili huvaa moja, akachemsha la pili, na chawa wanakufa. Mtu mwenye nguo moja hawezi kuichemsha wakati wa baridi, kwa sababu atakaa uchi hadi ikauke. Basi haifui. Halafu usiku analala akiwa amebanana na wenzake ili wapate joto, na chawa wanahama.

Malazi yenyewe yalizidisha hatari. Norman Cross ilikuwa kambi ya mbao. Maseremala wapatao 500 waliisimamisha kwa miezi michache tu: viwanja vinne, kila kimoja na majengo manne ya ghorofa mbili, na katikati ya viwanja nyumba ya pembe nane yenye mizinga inayotazama kila upande. Kwa wastani ilikaa watu zaidi ya 5,000. Mateka walilala katika machela za turubai zilizofungwa nguzo hadi nguzo, safu juu ya safu. Huko Dartmoor kila mtu alistahili machela, blanketi moja, shuka zito la aina ya wanayofunika farasi, na godoro lenye ratli nne za masalia ya sufu. Ndani ya majengo hapakuwa na moto wa kuota. Joto lilitokana na pumzi za watu, na pumzi hizo ziligeuka maji kwenye kuta za mawe.

Kanuni iliagiza kwamba kila asubuhi yenye ukavu machela zote zikunjwe, zitolewe nje zianikwe, na sakafu isafishwe. Ilikuwa kanuni ya busara kabisa. Tatizo ni kwamba Dartmoor iko zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na mvua na ukungu hukaa siku nyingi mfululizo. Asubuhi kavu hazikuja. Katika majira ya baridi ya kwanza ya gereza lile, 1809 hadi 1810, surua iliwaua karibu watu 500. Surua tunaijua sisi kama ugonjwa wa watoto; kwa mtu mzima aliyedhoofika, aliyefungwa na maelfu kwenye unyevu, ni mauti.

Hata hivyo, mateka aliyekuwa nchi kavu alijiona ana bahati akimfikiria mwenzake wa melini. Katika bandari za Chatham, Portsmouth na Plymouth zilifungwa manowari kuukuu, zimeng'olewa milingoti na mizinga, zimetiwa nanga kwenye tope. Watu mamia kadhaa walilazwa katika sitaha za chini ambazo mtu mrefu hawezi kusimama wima. Madirisha ya mizinga yalitiwa nondo, na usiku yakafungwa. Mchoraji Louis Garneray, aliyekamatwa 1806 akashikiliwa katika meli za Portsmouth hadi 1814, ametuachia picha za meli hizo kwa mkono wake mwenyewe. Kutoroka humo kulianza kwa kutoboa ubavu wa meli karibu na mstari wa maji, kidogo kidogo, usiku, huku mwenzako akiimba kwa sauti ili kuficha mlio. Lakini waliofanikiwa kutoka walikutana na tope. Maji yakijaa, unaogelea katika baridi inayoua. Maji yakikupwa, unazama kiunoni na huendi mbele wala nyuma. Waliopatikana walitiwa katika chumba cha giza siku kumi kwa posho ya theluthi mbili, na majina yao yakashushwa hadi mwisho wa orodha ya kubadilishana mateka. Adhabu hii ya mwisho ndiyo iliyouma kuliko zote.

Nije sasa kwenye kazi za mikono, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndizo zilizotenganisha mtu aliyerudi kwao na aliyebaki makaburini.

Malighafi ya kwanza ilikuwa mifupa. Kila siku jiko lilitoa mifupa ya maelfu ya migao ya nyama. Mfupa ulichemshwa tena ili mafuta yatoke. Hatua hii ukiiruka, baada ya miezi mfupa unageuka manjano na kunuka, na mnunuzi harudi. Kisha ulikwanguliwa, ukaachwa juani na kwenye hewa uwe mweupe, ukakatwa kwa msumeno mdogo vipande vyembamba, ukasuguliwa. Zana walijitengenezea: msumari uliofuliwa unakuwa patasi, kipande cha bamba la chuma kikichongwa meno kinakuwa msumeno. Walitoa dhumna pamoja na masanduku yake, visanduku vya sindano, sataranji, na vinyago vyenye mkono wa kuzungusha ambavyo mwanamke huanza kusokota uzi au askari kupiga ngoma.

Kazi ya juu kabisa ilikuwa meli. Ndani kulikuwa na umbo la mbao, na juu yake vibanzi vya mfupa vilipangwa kimoja kimoja na kupigiliwa pini ndogo sana. Mfupa wa ng'ombe hautoi kibanzi kirefu, kwa hiyo ubavu wa meli ni viungo vingi vilivyopishanishwa. Hapa fundi hodari alijulikana kwa pini zake: aliyetumia shaba nyekundu au ya manjano kazi yake imedumu hadi leo, aliyetumia chuma, kutu imevimba ndani ya tundu, ikaupasua mfupa na kuacha madoa ya kahawia. Baadhi ya meli hizo zina uzi unaotokea nyuma. Ukiuvuta, mizinga yote inarudi ndani, ukiuachia springi inaisukuma nje. Vipimo si sahihi, milingoti ni mirefu kupita kiasi, kwa sababu fundi hakuwa na michoro. Alijenga kwa kumbukumbu ya meli aliyowahi kuifanyia kazi. Jumba la makumbusho la Peterborough linahifadhi mamia ya kazi za Norman Cross, na mtu akizitazama kwa karibu hataamini zilitoka katika masalia ya jikoni.

Malighafi ya pili ilikuwa mabua ya ngano. Bua lilikatwa baina ya vifundo, likalowekwa, likapasuliwa. Kupasua kulihitaji kidude kidogo cha mfupa au chuma chenye ncha katikati na makali yaliyosambaa kama miale. Bua likisukumwa juu yake hutoka vipande vinne, sita au zaidi, vyote sawa. Vipande vilibanwa vikawa bapa, vikatiwa rangi, vikabandikwa kwa gundi juu ya visanduku na fremu, hata vikatoa picha nzima za majengo na meli. Hapa kosa la kawaida lilikuwa kubandika bua likiwa bado na unyevu. Likikauka hujikunja, na ua zima linabanduka.

Mabua hayohayo yalisukwa ukili wa kushonea kofia, na ukili ndio ulioleta vita ndani ya vita. Wilaya za Bedford na Hertford, si mbali na kambi, zilikuwa na maelfu ya wanawake na watoto walioishi kwa kusuka ukili. Mateka hakulipa kodi wala pango, chakula alipewa, kwa hiyo aliweza kuuza kwa bei ambayo mama wa kijijini haiwezi. Bodi ikapiga marufuku. Biashara haikufa, ikahamia gizani. Wanamgambo waliolinda lango waliingiza mabua yaliyofungwa viunoni chini ya makoti, wakatoa ukili uliokwisha, na wafanyabiashara wa nje wakawa wanasubiri. Askari waliokamatwa walichapwa viboko. Mimi siwezi kuwalaumu mateka, wala siwezi kuwalaumu wale kina mama. Marufuku ilikuwa na sababu.

Bidhaa halali ziliuzwa sokoni, penye lango. Wakulima walileta viazi, mayai, siagi, tumbaku na sabuni. Mateka walileta mifupa na mabua yao. Kanuni iliwakataza wachuuzi kuwatoza mateka zaidi ya bei ya mji jirani. Kwa peni chache mtu aliongeza viazi na siagi kwenye supu, akapata sabuni ya kufulia shati, na hapo mnaona fundi alivyoweza kukwepa chawa na kiseyeye kwa pamoja. Wamarekani wa Dartmoor walisaidiwa pia na serikali yao: wakala wao aliyekaa London, Reuben Beasley, aliwapelekea peni moja na nusu kwa siku kuanzia 1814, baadaye ikaongezwa.

Ustadi uleule uliwapeleka wengine pabaya. Waliokuwa na mkono wa kuchonga walichonga mabamba ya noti za Benki ya Uingereza. Wafaransa wawili wa Norman Cross, Nicholas Deschamps na Jean Roubillard, walihukumiwa kifo mjini Huntingdon mwaka 1805 kwa kughushi noti za pauni moja. Hukumu haikutekelezwa, lakini walikaa jela ya mji hadi vita vilipokwisha.

Na upande wa pili wa fundi kulikuwa na mcheza kamari. Kamari ilianza kwa sarafu, ikaja nguo, ikaja blanketi na machela, mwisho posho. Mtu aliuza mkate wa kesho, kisha wa juma zima, kwa dalali aliyemlipa chini ya thamani. Dalali huyo alikuwa mateka mwenzake. Wale waliopoteza kila kitu huko Dartmoor walijiita Warumi, wakahamia darini, wakalala uchi kwenye mbao wamejipanga ubavu kwa ubavu, wakigeuka wote kwa amri moja, maana mmoja hakuweza kugeuka peke yake. Chakula chao kilikuwa maganda ya viazi na vichwa vya samaki walivyoviokota uwanjani. Bodi iliwaadhibu wanunuzi wa posho na ikajaribu kuwavika upya wauzaji, na nguo mpya zikauzwa tena. Mwaka 1813 zaidi ya 400 kati yao waliondolewa wakapelekwa melini Plymouth. Najua wako watakaosema waliyataka wenyewe. Nawaomba wafikiri urefu wa muda: wengi wa watu hawa hawakuwa na tarehe ya kuachiwa.

Hilo linahitaji maelezo. Katika vita vya zamani mateka walibadilishwa, mtu kwa mtu, cheo kwa cheo, na mabaharia wengi walikaa miezi tu. Vita vilipoanza upya 1803, Napoleon aliwakamata hata Waingereza raia waliokuwa safarini Ufaransa, akawaweka Verdun. Uingereza ikakataa kuwahesabu kama mateka wa kubadilishwa. Mazungumzo ya Morlaix mwaka 1810 yalivunjika. Aliyekamatwa kijana wa miaka kumi na sita mwaka 1803 aliweza kutoka ana miaka ishirini na saba.

Lipo kundi ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulijua kwa jina la mahali: Portchester. Ni ngome ya kale karibu na Portsmouth. Oktoba 1796 walifikishwa huko mateka zaidi ya 2,000 kutoka visiwa vya Karibi, wengi wao weusi, waliokamatwa Uingereza ilipoteka St Lucia na kuzima uasi wa St Vincent mwaka huo. Walikuwa askari wa Jamhuri ya Ufaransa, ambayo ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1794, na walikuja na baadhi ya wake na watoto wao. Kapteni Louis Delgrès na Jenerali Marinier walikuwa miongoni mwa maofisa wa vita vile vya visiwani. Jambo kubwa ni kwamba waliandikishwa kama mateka wa vita, wala hawakuuzwa. Lakini walifika na nguo za nchi ya joto, baridi ikianza. Mateka wa Kizungu waliokuwamo wakawaibia nguo na machela, hadi ikabidi watenganishwe. Wengine walipoteza vidole vya miguu kwa baridi kali. Bodi ilitoa nguo za flaneli na soksi, na sehemu yao ikahamishiwa melini kwa kuwa huko, kwa mara moja, msongamano ulileta joto. Hiyo ni kanuni ikisahihishwa baada ya watu kuumia.

Maofisa ni hadithi nyingine, nami nitaipitia haraka. Ofisa alitia saini ahadi ya heshima, akapewa chumba cha kupanga katika mji kama Ashburton, Leek au Kelso, na shilingi moja na nusu kwa siku au pungufu kidogo kulingana na cheo. Aliruhusiwa kutembea maili moja kwenye barabara kuu, asikate shambani, na kengele ya jioni ikilia awe ndani. Wengi walifundisha Kifaransa, kuchora na kucheza upanga. Jenerali Lefebvre-Desnouettes alivunja ahadi akatoroka Cheltenham, na mwaka 1812 alikuwa Urusi na jeshi la Napoleon. Kila aliyefanya hivyo aliwabana zaidi waliobaki. Mfumo huohuo ulifika hata katika bahari yetu. Nahodha Matthew Flinders, mchora ramani wa Australia, alitia nanga Mauritius Desemba 1803, akazuiliwa na gavana Mfaransa Decaen hadi 1810, sehemu kubwa ya muda huo akiishi shambani kwa ahadi ya kutokwenda mbali, akichora ramani zake.

Kwa wanafunzi mnaotaka kuwatafuta watu hawa wenyewe: daftari za mateka zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, fungu la ADM 103. Katika daftari nyingi mstari una namba ya mateka, jina, cheo, meli au kikosi, mahali na tarehe aliyokamatwa, umri, kimo, rangi ya nywele na macho, alama za mwilini, na mahali alipozaliwa. Majina yaliandikwa na karani Mwingereza kwa kusikia, kwa hiyo tafuteni kwa sauti, si kwa tahajia, na mjaribu zaidi ya namna moja. Halafu msiishie kwenye jina. Nendeni safu za kulia, pale zilipo, penye machela, blanketi, koti, shati na viatu, mkaangalie tarehe kila kitu kilipotolewa, kisha safu ya mwisho isemayo kama alibadilishwa, alihamishwa, alitoroka au alifariki. Mkilinganisha tarehe ya blanketi na tarehe ya kifo kwa kurasa chache za majira ya baridi, mtakuwa mmefanya kazi ya mwanahistoria kwa mikono yenu.

Ahsanteni. Niko tayari kwa maswali.